Amekauka Nje, Ndani Bado: Matatizo ya Kukausha Wadudu na Wanyama Wadogo Nyumbani

Mwezi wa tano, masika yakiwa yamekolea hapa Tanga, nilifungua sanduku langu la mbawakawa nikakuta wote wamevaa kanzu nyeupe. Koga. Nililaumu mvua, lakini kosa lilikuwa la Januari, nilipomfungia sandukuni mbawakawa mmoja mkubwa mwenye pembe, siku ya nane tu, kwa sababu nilimgusa kwa kidole nikamwona mgumu. Kidole hudanganya. Gamba la mdudu ni gumu tangu yu hai, kwa hiyo ugumu wake haukwambii lolote kuhusu kilichomo ndani. Mmoja mbichi akawapa unyevu wenzake wote.

Tangu hapo situmii kidole, natumia mizani. Ile ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu inatosha. Mpime mnyama wako kila baada ya siku mbili, andika uzito kwenye kikaratasi kando yake. Uzito ukiendelea kushuka, bado hajakauka, hata awe mgumu kama kokwa. Ukisimama palepale mara tatu mfululizo, amekauka. Ukipanda baada ya kusimama, anavuta unyevu wa hewani. Na ukianza kushuka tena baada ya miezi mingi ya kutulia, kuna kitu kinamla.

Karibu kila tatizo hapa chini linaanzia kwenye mojawapo ya hali hizo. Kwa hiyo kabla hujatafuta dawa, pima kwanza.

Ananuka

Harufu ni nyama. Mahali fulani ndani kuna nyama au chakula ambacho bakteria wamekifikia kabla ya hewa.

Nenda ufukweni uwatazame wanaoanika samaki. Dagaa humwagwa mzima mzima juu ya chanja, jioni amekauka. Samaki mkubwa hupasuliwa kwanza, akatolewa matumbo, akafunguliwa kama kitabu, ndipo akawa ng'onda. Hakuna anayeanika changu mzima akategemea salama. Kanuni hiyohiyo ndiyo yetu: aliye mwembamba kama dagaa mkaushe mzima, aliye mnene kuliko hapo mfungue.

Kwa wadudu, wanaonuka mara nyingi ni panzi wakubwa, vunjajungu jike, nyenje na chenene. Matumbo yao yamejaa majani, au nyama ya wenzao, au mayai. Mpasue kwa wembe upande wa chini wa tumbo, saa chache baada ya kufa, vuta utumbo kwa kibanio, futa kwa pamba yenye spiriti, kisha jaza kipande chembamba cha pamba ili tumbo lisisinyae. Mbawakawa na vipepeo wengi hawahitaji upasuaji huu.

Kama amekwisha kuanza kunuka, inategemea. Harufu hafifu inatibika: mpasue hata kama umechelewa, msafishe, mweke mbele ya feni. Tumbo likishageuka jeusi na kuchuruzika, mzike. Hakuna ufundi utakaomrudisha, na kumlowanisha manukato ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Sababu nyingine ya harufu ni jua. Watu wengi humtoa mnyama kwenye jua la saa saba wakidhani wanaharakisha. Ngozi ya nje hukauka upesi ikawa kama kifuniko, maji ya ndani yakakosa njia, nyama ikaiva na kuvunda humo humo. Juu ya hayo, jua hufifisha rangi na kuwaita sisimizi. Kinachokausha vizuri ni hewa inayotembea. Kivuli penye upepo ni bora kuliko jua pasipo na upepo. Kile kisanduku cha zamani cha kuweka taa ya umeme ndani kilifanya kazi enzi za taa za waya mwembamba zilizochoma vidole. Ukiweka taa ya LED humo utapata mwanga mzuri wa kumwona mdudu akioza.

Halafu kuna mjusi. Kila wiki mtu huniuliza mbona mjusi wake ananuka wakati aliwahi kumkuta mjusi kafiri amekauka vizuri kabisa nyuma ya mlango. Huyo wa nyuma ya mlango alibanwa na bawaba hadi akawa karatasi, na mwembamba hukauka. Mtunze, ni zawadi. Mjusi mzima, panya au ndege hawakauki wakiwa wazima katika hewa ya pwani, kwa sababu bakteria wa utumboni huwa wameshaanza kazi kabla hujafika. Kwao lenga mifupa: waachie wadudu wasafishe nyama ndani ya chungu kilichofunikwa wavu, loweka mifupa siku kadhaa kwenye maji ya sabuni kutoa mafuta, kisha ing'arishe kwa hidrojeni peroksidi ya duka la dawa. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia. Mifupa itang'aa wiki hiyo, halafu itaanza kumeguka kama chaki, kwa sababu klorini hula kile kinachoshikanisha mfupa.

Popo aliyekufa usimshike kabisa. Popo ni miongoni mwa wanyama wanaoweza kubeba kichaa cha mbwa na maradhi mengine, na hakuna fuvu lenye thamani hiyo. Kinyonga, kobe, kasa na farasi wa baharini nao waache walipo hata kama wameshakufa. Wanalindwa kwa sheria za nchi na za biashara ya kimataifa, na kuwaokota hakukupi ruhusa ya kuwamiliki. Kwa mnyama yeyote wa porini, muulize kwanza afisa wanyamapori wa wilaya.

Ameota koga

Koga huhitaji hewa yenye unyevu wa kama asilimia 65 hadi 70 kwenda juu. Sisi wa pwani tunaishi juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika hata mkate hauvumilii siku mbili. Ndiyo maana maelekezo ya kukausha kwa wiki moja yanayosambaa mitandaoni yanamfaa mtu wa Dodoma, yakamwaibisha mtu wa Mombasa. Kipepeo anayekauka kwa siku saba bara kwenye ukame, mimi humpa wiki tatu.

Tiba ni hii. Watoe wote, watenge walioota. Chovya brashi laini kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi, pangusa gamba taratibu, ukiisafisha brashi kila mara. Kwa kipepeo gusa mwili tu. Mbawa zipanguse kwa brashi kavu kutoka shinani kwenda ukingoni, la sivyo utabaki na mbawa zenye upara. Waweke mbele ya feni siku mbili tatu, uwapime. Sanduku nalo lifute kwa spiriti na lianikwe juani, hilo ndilo jua linalohitajika. Sanduku la mbao mbichi au la katoni hunyonya maji kama sponji, na wengi husafisha mdudu wakamrudisha kwenye nyumba ileile yenye ugonjwa.

Ndani ya sanduku weka jeli ya silika. Vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya vimeshanyonya maji dukani, kwa hiyo usiviamini mpaka uvikaushe upya. Bora punje zenye rangi: za chungwa hugeuka kijani zikishiba, za buluu hugeuka waridi. Za buluu zina chumvi ya kobalti ambayo ni sumu, ziweke mbali na watoto. Zikishiba zirudishe kwenye oveni kwenye nyuzi joto kama 120 kwa saa mbili hivi, zitaanza upya. Mchele uliokaangwa bila mafuta husaidia kidogo kwa siku chache, lakini wenyewe huvutia fukusi.

Najua sanduku la mninga lenye kioo linapendeza ukutani. Miezi ya masika mimi huwahamishia wadudu wangu kwenye makopo ya plastiki ya chakula yenye mpira kwenye kifuniko. Hayapendezi, lakini hayajaniangusha.

Kaa anatoka jasho

Hili ni la pwani. Kaa au kiti cha pweza amekauka vizuri, umempanga rafuni miezi mitatu, kisha siku ya mvua unamkuta amelowa, na chini yake pana alama ya maji. Ukimweka juani anakauka, mvua ikirudi naye analowa.

Ni chumvi. Maji ya bahari yalikauka ndani yake yakaacha chumvi, na chumvi huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75 hivi. Ndiyo ileile inayofanya kikopo cha chumvi jikoni kigande. Kumkausha tena hakusaidii kitu. Mloweke kwenye maji baridi ya bomba kwa siku nzima, ukiyabadilisha mara tatu au nne, kisha umkaushe upya kivulini. Wengine hutia chumvi kwa makusudi wakidhani inahifadhi kama kwa samaki. Kwa samaki wa kuliwa mwezi huu, sawa. Kwa kitu cha kukaa miaka, utakuwa umemwekea mtungi wa maji tumboni.

Kama anatoka jasho na kunuka pia, basi hukumtoa nyama. Fungua gamba la juu kutokea nyuma, toa kila kitu pamoja na mashavu, na kwenye magando penyeza waya mwembamba kupitia kwenye kiungo uvute nyama. Na usimchemshe ili kurahisisha kazi, isipokuwa unamtaka mwekundu: joto huachilia rangi nyekundu iliyokuwa imefungwa ndani ya protini ya gamba, na ile rangi yake ya kijani au ya samawati hairudi tena.

Chini yake kuna unga

Hapa ndipo makusanyo mengi yanapokufa, na wenyewe huwa hawajui hadi siku wanapomwinua mdudu akabaki na kichwa tu. Tazama chini ya kila pini. Ukiona unga mwembamba wa kahawia, na ndani yake vijigamba vyenye manyoya, hao ni mabuu wa mbawakawa walao vitu vikavu. Wapo wa jamii hiyo wanaotoboa samaki wakavu sokoni na wengine wanaokula mazulia. Mama mzazi hupita kwenye ufa mwembamba, na mayai yake ni madogo mno, si rahisi kuyaona kwa macho. Mara nyingine ulimleta mwenyewe, pamoja na mdudu mpya uliyemwingiza bila kumpitisha popote.

Kama hakuna unga lakini mwili umetoweka usiku mmoja na mbawa zimebaki mezani zimepangika vizuri, usiwatafute mabuu. Ni sisimizi. Nilishapoteza kipepeo mkia-panga kwa njia hiyo; nilimlaza saa tatu usiku, alfajiri nikakuta mbawa nne na pini. Miguu ya meza ya kukaushia iweke ndani ya makopo yenye maji na sabuni kidogo, na hakikisha meza haigusi ukuta wala pazia. Pazia moja linatosha kuwa daraja.

Dawa ya mabuu ni baridi. Mfunge mdudu, au sanduku zima likiwezekana, ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke kwenye friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, kwa sababu umande utashika kwenye mfuko badala ya kumshika mdudu. Subiri siku chache, kisha mrudishe kwa wiki nyingine. Mayai yaliyookoka duru ya kwanza yatakuwa yameanza kuamka. Umeme ukikatika hadi friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Mdudu mpya naye apitie huko kabla ya kuingia kwenye kundi, kila mara, hata kama umempata kwa rafiki anayeapa kwamba wake ni safi.

Naftalini sipendi, ingawa ndiyo desturi. Harufu yake huwafukuza wadudu wanaokuja, lakini walioko ndani wengi huendelea kula. La pili ni zito zaidi: mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea sana katika maeneo ya malaria kama yetu, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa sababu ya naftalini, na mtoto mchanga ndiye hatarini zaidi. Wengi wenye hali hiyo hawajui kama wanayo. Sanduku lenye naftalini halikai chumba wanacholala watoto.

Dawa ya kupulizia mbu nayo usiipulize moja kwa moja. Huacha mafuta yanayoshika vumbi, na mbawa hubadilika rangi.

Anang'aa mafuta

Mwili umegeuka mweusi kama uliolowa, mbawa zinapitisha mwanga kama karatasi ya maandazi, vumbi linamganda, lakini mizani inasema uzito umetulia. Basi si maji. Ni mafuta ya mwilini yanayochuja polepole, na kumkausha zaidi ni kupoteza muda. Huwapata hasa nondo wanene, na mbawakawa ambao mabuu yao hukulia ndani ya magogo.

Mtumbukize kwenye asetoni safi ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, nusu siku hadi siku nzima, ubadilishe asetoni ikigeuka njano, mpaka ibaki nyeupe. Fanya hivyo nje, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wake hushika moto haraka. Dawa za kutolea rangi ya kucha mara nyingi zimechanganywa mafuta na manukato, kwa hiyo soma chupa. Akitoka huko atakauka kwa dakika chache na rangi yake itarudi. Lebo mtoe kwanza.

Mafuta hayohayo yakikutana na pini yenye shaba huota uchafu wa kijani unaovimba hadi kumpasua mdudu kifuani. Pini za kushonea za chuma cha kawaida hazioti kijani ila zinashika kutu, jambo lisilo na nafuu yoyote. Tafuta pini za chuma kisichoshika kutu. Mbawakawa hupigwa pini kwenye bawa gumu la kulia, si katikati ambako mbawa zitafunguka; kipepeo hupigwa katikati ya kifua.

Bawa limeshuka, miguu imejikunja

Samaki mkunje angali mbichi, tunaambiwa. Kwa mdudu methali hiyo ina mlango wa nyuma: aliyekauka hukunjika, ukimrudishia unyevu kwa adabu. Chukua kopo lenye kifuniko, weka mchanga au taulo iliyolowa chini na matone machache ya dawa ya kuua vijidudu ili koga isitangulie, mdudu mweke juu ya kifuniko kidogo asiguse maji. Siku moja kwa kipepeo, mbili hadi tatu kwa mbawakawa. Jaribu mguu kwa ncha ya sindano, ukikataa, mrudishe. Anayelazimisha huvunja.

Akilainika, mpange juu ya sponji ngumu nyeupe ya kufungashia televisheni. Mbawa zishike kwa vipande vya karatasi laini, pini zikipita kwenye karatasi kando ya bawa, kamwe si kwenye bawa lenyewe. Bawa likishuka siku moja baada ya kumtoa ubaoni, misuli ya kifua bado ina maji. Mlainishe, mpange tena, na safari hii mpe muda mara mbili.

Mguu ukikatika, tone la gundi nyeupe kwenye ncha ya sindano linatosha. Gundi ya sekunde moja huacha ukungu mweupe kwenye gamba.

Rangi imekwenda

Hapa sina habari njema. Kijani cha vunjajungu na cha panzi, na nyekundu na buluu ya kereng'ende wengi, ni rangi zinazoharibika mwili unapooza hata kidogo, na haziponi. Kereng'ende mpya anaweza kuokolewa kwa kulazwa kwenye asetoni hadi siku nzima mara tu baada ya kufa, kwa sababu humkausha kabla rangi haijaharibika. Mng'ao wa chuma wa mbawakawa ni jambo jingine: unatokana na umbo la tabaka za gamba linavyorudisha mwanga, si rangi iliyopakwa, na hudumu miaka. Waliobaki wote waepushe na dirisha.

Ameachana vipande vipande

Jongoo mkubwa akikauka hugeuka shanga zilizokatika uzi. Pitisha waya mwembamba mwilini mwake angali laini, na uvae glavu, kwa sababu maji yake huacha madoa vidoleni. Nge hukauka vizuri akitolewa matumbo, ila mkia mpange mapema. Wangu wa miaka mingi hata leo anang'aa kijani nikimmulika kwa taa ya kukagulia noti.

Buibui usijaribu. Tumbo lake halina gamba gumu, litasinyaa kama zabibu kavu, na hali ni hiyohiyo kwa viwavi, malkia wa mchwa na konokono nje ya nyumba yake. Hao watie kwenye chupa ya spiriti ya asilimia 70 hadi 80, na lebo iandike kwa penseli uitumbukize humo ndani. Wino wa kalamu utayeyuka, na utabaki na buibui asiye na jina kwenye spiriti ya samawati.